Kaunta Buku la Katibu

Hotuba kwa vikundi vya ngoma, walimu wa sanaa na wanafunzi wa utunzaji kumbukumbu, Tabora mjini

Wazee wangu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Mama zangu wa vikundi mliotoka Sikonge, Urambo, Nzega na Uyui, poleni na safari. Walimu, habari za mchana. Na nyie vijana wa masijala mliojibana kule nyuma karibu na mlango, nimewaona, na najua kwa nini mmekaa hapo. Mtani wangu Mzaramo namwona dirishani. Karibu sana, ila ukisinzia faini yake ni mbuzi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhifadhi historia ya sanaa za maonyesho za mkoa wetu. Nimekuja na kitu mkononi. Hili ni kaunta buku. Jalada lake jeusi, mgongo mwekundu, na pembe hii ya chini imeliwa na mchwa. Marehemu baba yangu mchana alikuwa karani wa reli, jioni alikuwa katibu wa kikundi cha ngoma. Hakuwa mchezaji mzuri, nadhani ndiyo maana walimpa ukatibu. Lakini aliandika. Nawasomea ukurasa mmoja kama ulivyo:

"Jumamosi. Harusi ya mtoto wa fundi cherehani, Ng'ambo. Tumelipwa nusu, nusu italetwa mwisho wa mwezi. Ngoma ndogo imepasuka, itakiwe ngozi. Njuga jozi mbili hazikurudi. Manju ana homa. Ameimba mke wa fundi baiskeli hadi alfajiri."

Basi. Hakuna zaidi. Lakini angalieni kilichomo. Tumejua kikundi kilikuwa kinakopwa, kama mnavyokopwa nyie leo. Tumejua njuga zilikuwa mali ya kikundi, si ya mchezaji, ndiyo maana zinahesabiwa. Na ule mstari wa mwisho ndio ulionifanya nisilitupe buku hili wakati wa kuhama nyumba. Niliwahi kuwauliza wazee wawili wa kikundi kile nani alikuwa akiimba enzi hizo. Wote wawili walinitajia manju, na manju tu. Hawakudanganya. Kichwa cha mtu humweka mkubwa na kumwacha aliyeshika nafasi usiku mmoja. Mke wa fundi baiskeli aliimba mpaka kukapambazuka, na leo yupo kwa sababu karani mmoja alikuwa na kalamu.

Nikisema nyaraka za sanaa, watu wengi hufikiria jengo lenye kiyoyozi, na mtu wa mlangoni anayekuuliza kitambulisho. Mimi nafikiria huyu katibu.

Maana tukikaa kimya haina maana kwamba hakuna anayetuandika. Tumeandikwa sana, na wengine. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikwenda kusini, Lindi, Masasi na Newala, kwa utafiti wake. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi. Alikuwa na fonografu: unaimba mbele ya pembe, sauti inatikisa sindano, sindano inachonga mfereji kwenye silinda ya nta. Dakika chache tu, silinda imejaa. Kwa hiyo watu wa kwetu, mbali na kwao, waliimba ndani ya pembe ile. Mwaka 1909 Mjerumani mwingine, Erich von Hornbostel, akachapisha makala nzima juu ya nyimbo za Wanyamwezi, nota kwa nota. Huyo alikuwa akifanya kazi Berlin, kwenye Phonogramm-Archiv, hifadhi ya sauti iliyoanza mwaka 1900.

Silinda ya nta ni kitu dhaifu mno. Joto huiharibu, ukungu huila, na kila unapoisikiliza sindano hula sauti kidogo. Zilivyopona ni kwa kazi: walitengeneza kalibu za shaba ili waweze kutoa nakala, wakaandika lebo, wakaweka rejesta. Baada ya vita ya pili ya dunia silinda nyingi zilichukuliwa na Warusi, zikaja kurudishwa Berlin Mashariki, na mkusanyiko wote haukukaa pamoja tena mpaka mwaka 1991. Zimezunguka hivyo, na bado zinajulikana ni za nani na za wapi, kwa sababu ya lebo. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Sasa nami nina neno na Weule. Katika maandishi yake mnyampara wa Wanyamwezi wale anaitwa Pesa Mbili. Pesa Mbili! Jina la njiani, jina la kambini. Mtani wangu anacheka, na kweli linachekesha. Lakini ukoo wake ungelitafuta leo, ungeanzia wapi? Aliyeweka kumbukumbu aliweka alichokihitaji yeye. Alihitaji sauti ya kabila, hakuhitaji mjukuu wa Pesa Mbili aje kuuliza.

Beni nayo, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, hivyo hivyo. Wazee mnaikumbuka kwa kusimuliwa. Ilianzia pwani, ikapanda bara na askari na reli. Reli ilifika hapa Tabora mwaka 1912. Vita ikaja, Wabelgiji wakauteka mji huu Septemba 1916, na baada ya vita vyama vya Beni, Marini na Arinoti, vilikuwa vinashindana kila mahali Tanganyika: magwaride, sare, vyeo vya kifalme, tarumbeta. Ukitaka kujua leo Beni ilikuwaje, utasoma sana ripoti za maofisa wa Kiingereza, kwa sababu serikali iliingiwa na wasiwasi: watu hawa wenye vyeo na magwaride wanapanga nini? Mwanahistoria Terence Ranger alipotoa kitabu chake juu ya Beni mwaka 1975, majalada kama hayo yalimsaidia sana. Fikirini hali hiyo. Ngoma ya babu zako imehifadhiwa na mtu aliyekuwa anaiogopa. Ameandika idadi ya watu na majina ya vinara. Hakuandika wimbo ulichekesha nini.

Mwaka 1950 akapita Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, na mitambo yake, akarekodi Tanganyika, Wanyamwezi wakiwemo. Kanda zake ziko Afrika Kusini, kwenye taasisi aliyoianzisha mwaka 1954. Namheshimu, aliandika vizuri. Kisha ikaja redio ya taifa. Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids ya Salum Zahoro, bendi zilizotoka kwenye mji huu wa miembe zikasikika nchi nzima. Mzee Mwinamila na kikundi chake cha ngoma, Hiyari ya Moyo, hao sina haja ya kuwaeleza nyie. Sauti zao zilibaki kwenye kanda na santuri. Ila sauti peke yake ni nusu ya onyesho. Nani alishona sare? Kiingilio shilingi ngapi? Jukwaa lilielekea wapi, na wazee walikaa upande gani?

Hapo niwatoe kidogo nje ya nchi, halafu turudi. Wenzetu Waitalia wana opera: igizo linaloimbwa mwanzo mpaka mwisho, na wapiga vyombo wamekaa chini mbele ya jukwaa. Mtu akisikia opera ya Milano anafikiria wafalme na dhahabu. Lakini nyaraka za opera ile zilianzia kwa mnakili. Giovanni Ricordi kazi yake ilikuwa kunakili nota kwa mkono kwa ajili ya majumba ya maonyesho. Mwaka 1808 akafungua kampuni ya kuchapisha nota, na mwaka 1825 akanunua hazina ya nota za La Scala, ukumbi mashuhuri wa opera mjini pale. Familia yake ikaendelea hivyo hivyo, haitupi kitu. Leo kuna miswada ya mkono wa watunzi Verdi na Puccini, barua, michoro ya mavazi. Na kuna vijitabu ninavyovionea wivu kuliko vyote, vinavyoeleza hatua kwa hatua mwimbaji aingie upande gani, asimame wapi, kundi la nyuma ligeuke lini. Mwaka 1943 mabomu yaliupiga ukumbi wa La Scala. Ukajengwa upya, ukafunguliwa mwaka 1946. Ukumbi unajengeka. Kijitabu cha nani aingie upande gani, kikiungua, utakijenga kwa matofali gani?

Nyie vijana wa nyuma, Ricordi alikuwa mwenzenu. Mtu wa makaratasi.

Na mji huu una bahati ambayo mikoa mingi haina. Hapa Tabora watu wanasomeshwa masijala. Mnajua jalada lisilo na folio, yaani namba za kurasa, ni vurugu. Mnajua Sheria Na. 3 ya 2002, ya kumbukumbu na nyaraka. Lakini hiyo inashughulika hasa na kumbukumbu za umma, za ofisi. Kikundi cha ngoma si ofisi. Kaunta buku la baba yangu haliko kwenye mkondo wowote wa kupelekwa Nyaraka za Taifa. Liko kwenye mkondo wa kufungia maandazi. Kilichopo serikalini ni vipande: tangu Sheria Na. 23 ya 1984 iliyounda BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, vikundi vinasajiliwa, kwa hiyo kuna katiba zenu, majina ya viongozi, barua za vibali. Makatibu, kaulizeni kwa afisa utamaduni wa wilaya mkapige nakala ya vyenu kabla jalada halijapotea. Nendeni na maneno matamu na pesa ya kutolea kopi.

Maana si kila anayeomba kukuhifadhia atakuhifadhia. Miaka ya tisini niliazimisha kaseti mbili za kikundi kwa ofisi moja, sitaitaja. Waliomba kwa heshima, na barua yenye muhuri. Baada ya mwaka mmoja nikaenda kuzidai. Moja haikuonekana. Ya pili nikapewa, nikaifikisha nyumbani, nikaitia redioni. Mkutano! Mtu anahutubia juu ya mbegu za pamba. Nikasikiliza pamba upande mzima, dakika thelathini. Hotuba ilipoisha, mwishoni kabisa, zikabaki kama sekunde arobaini za ngoma yetu, na mtu anakohoa karibu na kipaza sauti. Hizo sekunde arobaini ninazo mpaka leo. Kikohozi nakijua ni cha nani.

Kosa lilikuwa langu pia. Mgongoni mwa kaseti, kwenye kona, kuna vipande viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja kwa ncha ya kisu, redio haiwezi tena kurekodi juu yake. Sikuvivunja. Na sikutoa nakala kwanza. Mwenye kaseti za zamani hapa, akifika nyumbani avivunje leo leo. Asizisikilize ovyo kwenye redio mbovu, zinakwama na kutafunwa. Azipeleke zikaingizwe kwenye kompyuta kwa faili la WAV, lisilobanwa.

Na mambo ya kompyuta tusidanganyane. Video ya onyesho mkiirusha WhatsApp inabanwa, inapunguzwa, inafika nyembamba kama uji wa mgonjwa. Ile ya asili iliyo kwenye simu ndiyo mali. Itoeni kwenye simu siku hiyo hiyo, muiweke sehemu tatu, na moja isiwe nyumba ile ile. Mpe ndugu wa Igunga. Faili lipewe jina la mwaka, mwezi, siku, mahali na kikundi. Mkiacha jina la VID na tarakimu kumi, baada ya miaka kumi hilo nalo ni Pesa Mbili.

Karatasi kwetu ina adui wawili. Wa kwanza mchwa. Sanduku la bati liko sawa, lakini liinueni juu ya matofali na lisiguse ukuta, maana huyu bwana hupanda na ukuta. Wa pili ni joto la bati lisilo na dari. Picha zilizokaa juu ya kabati chini ya bati tupu hujikunja na kushikana. Selotepu msiitumie kuunga kitu mnachokipenda, inageuka njano na kula karatasi. Pini za kutu zitoeni taratibu. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino inapenya mpaka usoni mwa mtu.

Kuhusu kuhoji wazee nitasema moja tu. Kabla ya swali la kwanza, mhojaji aseme ndani ya kinasa: leo tarehe fulani, niko mahali fulani, mimi fulani nazungumza na fulani bin fulani. Dakika nusu. Nimesikiliza mahojiano mazuri ya saa mbili ya bibi anayeeleza ngoma ya Manyanga, hatua, mavazi na miiko, na hakuna popote lilipotajwa jina la huyo bibi.

Walimu wa shule, nanyi msijitoe. Ngonjera za watoto, maigizo ya siku ya wazazi, yote hayo ni historia ya jukwaa la mkoa huu. Mwalimu Nyerere alisoma hapa tangu mwaka 1937, akaja kufundisha St. Mary's baada ya Makerere, na mwaka 1963 tafsiri yake ya Julius Caesar, igizo la Mwingereza Shakespeare, ikachapishwa. Yule kijana aliyeketi leo kwenye dawati lenu hamjui atakuwa nani. Igizo lenu la mwaka huu likiisha, chukueni karatasi yenye majina ya wahusika, mtie kwenye bahasha, mwandike mwaka.

Kuna jambo nimeliacha mpaka sasa kwa kuwa lina ubishi. Si kila kitu kihifadhiwe kwa kuanikwa. Mnawajua Bayeye, watu wa nyoka. Hans Cory aliandika juu yao enzi za Mwingereza, na makaratasi yake yako maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukiyataka utayakuta. Lakini chama chenye dawa zake na nyimbo zake za ndani kina haki ya kusema hili ni la watu wote, hili ni la waliopita mlangoni. Kuna vijana wanafikiri kupakia mtandaoni ndiko kuhifadhi. Hapana. Muulize mwenye wimbo. Akisema wimbo huu usisikike mpaka nife, andika hivyo kwenye bahasha na ufunge. Kuna kumbukumbu za kungoja, vijana wa masijala mnalijua hilo kwenye majalada ya siri. Na kama mtu anataka kuuza, kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Atafute COSOTA, ofisi ya hakimiliki, asitafute mtu wa kibandani anayechoma CD.

Na tusimnyang'anye mtu. Ninachoomba kwa vikundi si masanduku yenu. Buku la kikundi libaki kwa katibu, tunachotaka ni nakala na orodha. Tukijua tu kwamba katika kijiji fulani cha Uyui mama fulani ana picha kumi na mbili na kaunta buku mawili, tayari tumeanza. Mimi sitangoja jengo. Nimengoja jengo tangu niko shule.

Basi, kule mlangoni kuna meza, na wale vijana wawili wana kamera ya kupigia karatasi na rejesta mpya. Rejesta ina safu za kawaida: namba, kitu, mwenye nacho, mahali, tarehe, na ya mwisho ni masharti ya mwenyewe. Waliokuja na vitu vyao wapite hapo kabla ya chakula. Baada ya chakula mikono ina mafuta.

Tuanze na hii ya kwangu. Ilikuwa ndani ya kaunta buku, katikati ya kurasa. Watu saba, wamesimama chini ya mwembe, ngoma tatu mbele. Nyuma yake baba ameandika "Sabasaba", hakuandika mwaka, na hakuandika jina hata moja. Katibu mzima! Baba yangu huyu wa kushoto namfahamu, na manju kwa ule usinga wake. Huyu mama wa tatu, aliyejifunga kanga mbili na kushika manyanga, simjui.

Ipitisheni. Shikeni pembeni, msiguse uso. Ianzie kwa wazee.

Naam, bibi? Sema kwa sauti, kipaza sauti hakikufikii. Ni nani? Una hakika? Mpisheni, mpisheni apite. Njoo, mama, keti hapa. Kijana, lete penseli.